Umri wa Simu: Mjadala wa Cato Manor

Mjadala huu una wasemaji wanne, nami ni katibu wao, ingawa sitajizuia kutoa rai yangu pale nitakapoona hoja nzito inapitwa mbio. Mahali pake ni Cato Manor, mtaa wa mabonde na vilima ulio magharibi ya kitovu cha jiji la Durban, ambao Wazulu huuita Umkhumbane kwa jina la kijito kipitacho kati yake. Nyumba za matofali na vibanda vya mabati vimepanda mteremko bega kwa bega hata karibu na ua wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, na kando ya barabara ya Vusi Mzimela, ambayo wakongwe hawajaacha kuiita Bellair, pana kontena la chuma lililotobolewa dirisha, ambamo simu zilizozimika huletwa ili zifufuliwe.

Fundi mwenye kontena ni mtu wa Uvira. Mama, ambaye huuza vitenge na dagaa, alitoka Bukavu. Mzee alikuwa baharia, kwao Tanga. Alishuka melini hapa Durban zamani, asipande tena. Mwanafunzi ni kijana wa Mombasa asomaye uchumi huko kilimani. Majina yao nimeyaacha, na Kiswahili chao, ambacho kila mmoja anacho cha kwao, nimekiandika kwa namna moja ili msomaji asitaabike.

Hoja waliyoiweka mbele yao ilikuwa hii: kwamba ushindani wa makampuni yaundayo simu ni neema kwa mtu wa kipato kidogo. Mwanafunzi aliitetea, Mzee akaipinga, na wale wawili waliobaki wakakataa kuhesabiwa upande wowote kabla ya kusikia.

MWANAFUNZI: Shikamooni, wazee wangu. Mimi nasema ni neema, na ithibati ninazo. Miaka ya mwanzo ya karne hii Nokia ilikuwa imelishika soko mkononi, na aliyetaka simu alinunua ile aliyoonyeshwa kwa bei aliyotajiwa. Mwaka 2007 Apple ikatoa iPhone, mwaka uliofuata zikatoka simu za kwanza za Android, na kufika 2014 Nokia ilikuwa imekwisha kuuza kitengo chake cha simu kwa Microsoft. Hapa Afrika Kusini waliopendwa kupita kiasi walikuwa BlackBerry, maana kwa kama randi 60 kwa mwezi mtu aliperuzi na kuandikiana na wenzake bila kuhesabu. Nao pia wakaondoka, na tarehe 4 Januari 2022 mitambo iliyokuwa ikizihudumia simu zao za zamani ikazimwa. Kila aliyejidhani hana badala alipata badala. Kisha wakaja Transsion wa Shenzhen, wenye Tecno, Infinix na itel, ambao walikuja kumtazama Mwafrika na haja zake badala ya kumletea mabaki ya haja za wengine: laini mbili, kwa kuwa mtu ana mtandao wa kupigia na mtandao mwingine wa bando; betri ya kudumu, kwa kuwa umeme wetu haudumu; na kamera inayompiga mtu mweusi akatoka na sura yake. Ni nani aliyewalazimisha kuyafikiri hayo? Hakuna aliyewalazimisha ila tamaa ya kumshinda mwenzao, nasi ndio tuliofaidi.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Umeipanga hoja yako vizuri, lakini umewahesabu wafalme walioanguka ukamsahau raia. Nokia ilipoanguka, ile yangu haikuanguka pamoja nayo. Ilipata kuzama katika maji ya bandari, nikaifungua, nikaianika juani, ikawaka. Nionyeshe moja katika hizi za vioo itakayostahimili hayo. Apple na Samsung walishitakiana tangu 2011 hata 2018, wakabishana juu ya ncha za mviringo na sura za vitufe, na mwaka 2012 baraza la mahakama huko California likaitoza Samsung zaidi ya dola bilioni moja, kiasi ambacho baadaye kilipunguzwa hata wakapatana. Katika shauri lile la miaka saba, lilitamkwa neno gani la kumnufaisha mtu wa Cato Manor?

Wala msiniambie kwamba pasipo simu watu hawajumuiki. Juni 1959 wanawake wa mtaa huu huu walivivamia vilabu vya pombe vya manispaa, kwa kuwa polisi walikuwa wakiwamwagia pombe waliyopika majumbani ilhali fedha za waume zao zilikwisha katika vilabu vile, na habari ikaenea Durban kwa kinywa na kwa miguu. Kinywa cha leo kimo ndani ya simu, nacho mlikiona Julai 2021, maduka yalipokuwa yakiporwa na barabara kufungwa: sauti zilizorekodiwa na watu wasiojulikana zikapita kutoka kundi moja la WhatsApp hata jingine, kila mtaa ukiambiwa kwamba mtaa wa pili unakuja kuuchoma. Machafuko yale, katika jimbo hili na katika Gauteng, yaliondoa roho za watu zaidi ya 350. Sisemi kwamba simu ndiyo iliyoua. Nasema kwamba hofu iliyokuwa ikitembea kwa miguu sasa hufika kabla mtu hajafunga mlango.

MAMA: Mzee, heshima yako iko pale pale, lakini mimi sina nafasi ya kuichagua simu au kuikataa. Tangu Aprili 2021 idara ya mambo ya ndani ya nchi hii ilipoanza kuongeza muda wa vibali vya waomba hifadhi kwa njia ya mtandao, karatasi yangu hutoka ndani ya simu. Kabla ya hapo tuliamka usiku tukapanga foleni, na sitatamani siku zile zirudi. Kadhalika msaada wa randi 350 uliotolewa tangu Mei 2020 wakati wa maradhi ya korona: Juni mwaka ule mahakama kuu ilipoamua kwamba waomba hifadhi nao wasinyimwe, hapakuwa na dirisha la kwenda kuomba, kuliombwa kwa simu. Na vitenge vyangu havikai tena mezani vikingoja mpita njia. Mzigo ukiingia navipiga picha, naviweka katika hali ya WhatsApp, na kabla ya saa sita mteja wa Chatsworth na wa Pinetown wamekwisha kusema nani achukue kipi. Basi mtu aniulizaye kama simu ni neema au nakama naona ananiuliza jambo nililoshindwa kulichagua. Swali langu ni jingine. Bei yake nani anailipa, na mara ngapi?

Hapa lazima katibu aseme, kwa kuwa Mama alilitaja la bei akalipita upesi, naye alikuwa ameshika shina la maneno. Mtu maskini hununua simu mara mbili: mara moja dukani, na mara ya pili kila siku kwa bando. Desemba 2019 Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilimaliza uchunguzi wake wa bei za data, ikasema wazi kwamba wanunuzi wa bando ndogo, ambao ndio wenye fedha chache, wanatozwa kwa kila megabaiti zaidi ya wanunuzi wa bando kubwa, ikawataka Vodacom na MTN washushe bei kati ya asilimia 30 na 50. Aprili 2020 Vodacom ikaishusha gigabaiti moja ya mwezi kutoka randi 149 hata 99. Jambo hili lina mazingatio makubwa. Vodacom na MTN walikuwa wameshindana tangu 1994, robo karne nzima, kwa matangazo ya kila rangi, na ushindani wao haukumfikia mnunuzi wa bando ndogo mpaka ilipokuja amri. Mwanafunzi alilisikia hili akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mitandao ni mambo ya watu wawili wakubwa, ilhali waundaji wa simu ni wengi, na penye wengi hapahitaji amri. Ndipo Fundi, ambaye mpaka wakati ule alikuwa ameinamisha kichwa kazini, akaingia.

FUNDI: Bwana mdogo, sogea uone. Hii ni Samsung ya namna ya A, ya mteja wa Cato Crest. Betri imevimba mpaka imekiinua kioo upande mmoja. Ili niitoe, kwanza nailaza simu juu ya sahani ya moto mpaka gundi ilegee, kisha nakivuta kioo kwa kikombe cha kunyonya, na kuupitisha huu ukucha wa plastiki pembeni pole pole, maana nikienda pupa kioo kitapasuka na hasara itakuwa yangu. Betri yenyewe nayo imegandishwa, naidondoshea spiriti chini yake. Betri ya Nokia ya Mzee ilitolewa kwa kucha ya kidole gumba. Wanasema gundi huzuia maji, nami nakubali kwa kiasi. Lakini nyingi ya simu ninazozifungua hapa hazikuahidiwa kuzuia maji, na gundi zinayo vile vile.

Wengi hunijia wakisema simu haiingizi chaji, wakidhani mlango wa chaji umekufa. Natazama kwa miwani, naona pamba za mfukoni zimeshindiliwa humo kwa mwaka mzima. Natoa kwa kijiti, simu inaingiza chaji, na simtozi mtu kitu. Hiyo ni simu iliyokuwa inakwenda kutupwa na nyingine kununuliwa, na muuzaji wa duka kubwa asingemwambia.

MWANAFUNZI: Lakini, Fundi, hayo ni ya vifaa, na vifaa huchakaa.

FUNDI: Laiti zingekufa kwa kuchakaa! Mei 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi katika iPhone 5s na iPhone 6. Zililetwa hapa zikiwa nzima, kioo hakina ufa, betri nilizibadili mwenyewe, na sikuwa na dawa. Tangu Mei 2019 Marekani ilipoizuia Huawei isifanye biashara na makampuni yake, watu wamenunua Huawei mpya, wakaja nazo hapa wakiuliza duka la programu la Google limekwenda wapi. Wao hawakugombana na mtu, walinunua simu. Na iPhone nyingine, nikitoa kioo halisi katika moja na kukitia katika nyingine ya namna ile ile, simu huandika kwamba haikitambui, kwa kuwa kioo kimefungwa kwa namba na mwili wake wa kwanza. Mimi nimesoma bodi hizi kwa macho yangu na kwa mita yangu, najua mstari wa umeme unapopita na unapokatika, lakini sijui fundi atakayeshinda neno lililoandikwa kiwandani kwamba simu hii mwisho wake ni mwaka fulani.

MZEE: Basi wewe uko upande wangu.

FUNDI: Hapana, Mzee. Wewe wataka turudi kwenye kitochi, na Mama amekwisha kukuonyesha kwamba kitochi hakimpi karatasi yake. Mimi nataka simu hii iliyopo iishi.

Kisha akaigeuza bodi chini ya taa, akawaonyesha kwa ncha ya koleo vijiwe vidogo mno vilivyopangwa kando ya saketi, akasema kwamba hizo ni kapasita, na kwamba katika baadhi yake kuna tantali itokayo katika madini ya koltani. Alilotaja baada ya hapo hakulisema kwa ukali, bali kwa utulivu wa mtu aliyelifikiri muda mrefu. Rubaya, katika Masisi, Kivu ya Kaskazini, hutoa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, na tangu mwisho wa Aprili 2024 imekuwa mikononi mwa waasi wa M23. Desemba mwaka ule serikali ya Kongo ilipeleka mashitaka Ufaransa na Ubelgiji dhidi ya matawi ya Apple. Kampuni ikakanusha, ikasema imekwisha kuwaagiza wanaoiuzia wasinunue madini hayo kutoka Kongo wala Rwanda. Fundi hakutaka kuhukumu katika shauri hilo. Alisema tu kwamba kila simu inayouawa kabla ya wakati wake humfanya mtu fulani kwao ashuke tena shimoni na koleo kuchimba ya kuziba pengo lake, na kwamba yeye, aliyekimbia vita vya huko, amekaa Durban akizifufua simu hizo ili shimo lile lisichimbwe kwa upesi huo. Mama, mtu wa Bukavu, aliitikia kwa kichwa. Nami naamini kwamba hakuna aliyesema neno zito kuliko hilo siku ile.

MWANAFUNZI: Hapo nakubaliana nawe. Na kwa sababu hiyo hiyo nasema dawa ni kuunda simu zetu wenyewe, ili anayeamua umri wake awe mtu wetu.

Akalitaja jina la Mara, nami nitakaa hapa kidogo, maana jambo hilo lilitokea mlangoni petu. Ashish Thakkar, mwana wa familia ya Wahindi wa Uganda waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, alifungua kiwanda cha simu Kigali Oktoba 2019 mbele ya Rais Kagame, na siku kumi baadaye Rais Ramaphosa akafungua cha pili hapa Durban, katika eneo la Dube TradePort karibu na uwanja wa ndege wa King Shaka. Fahari yao ilikuwa kwamba hawaunganishi tu vipande vilivyotoka nje kama wafanyavyo wengine, bali bodi yenyewe huundwa Afrika. Simu zilikuwa mbili, Mara X na Mara Z, nazo Kigali zilianza kuuzwa kwa kama dola 130 na dola 190. Kwa aliyezoea kutazama bei za Ulaya hizo ni rakhisi. Kwa mama muuza dagaa ni mtaji wa mwezi. Kufika 2022 kiwanda cha Durban kilikuwa kimetangazwa mnadani, pamoja na mitambo iliyopigwa picha na marais.

MAMA: Nililisikia siku ile katika redio, nikafurahi kama nimejifungua. Kisha nikauliza bei, nikarudi na ile niliyokuwa nayo.

MWANAFUNZI: Serikali ingeziagiza kwa walimu na kwa polisi, kiwanda kingesimama.

FUNDI: Pengine. Lakini nambie, aliyeinunua Mara mwaka 2020, leo kioo chake nikipate wapi? Kampuni ikiondoka, simu yake ni yatima. Uafrika wake haukumwahidi mnunuzi spea hata moja. Wachina hawakuniahidi pia, ila vioo vyao vimejaa soko la mjini, na kwa hiyo mteja wangu atanunua Tecno au Samsung, hatanunua bendera.

Rai ya katibu ni kwamba Fundi alisema kweli kwa ukali uliozidi kidogo. Kuundwa kwa simu katika Durban na Kigali halikuwa jambo la bendera tu. Vijana wa Kiafrika waliojifunza kuiunda bodi hapo hawajasahau walichojifunza. Hata hivyo msiba wa Mara unatuonyesha kwamba mashindano, yawe ya Wakorea na Wamarekani au yawe ya mwana wetu na Shenzhen, huamua nani auze, wala hayaamui muuzaji awe na deni gani kwa mnunuzi baada ya kuuza. Deni hilo linahitaji kuandikwa na mwenye mamlaka ya kuliandika.

Na ajabu ni kwamba aliyeleta mfano wa kuandikwa kwake ni Mwanafunzi, ambaye hoja yake ilikuwa inadhoofika kwa mfano huo, jambo ninaloliona kuwa insafu kubwa kwa kijana wa umri wake.

MWANAFUNZI: Tangu tarehe 20 Juni 2025 simu ziuzwazo katika nchi za Umoja wa Ulaya zimewekewa kanuni. Muundaji lazima awe na spea muhimu kwa miaka saba baada ya kuacha kuiuza namna hiyo ya simu, na lazima aipe masasisho ya mfumo wake kwa miaka isiyopungua mitano. Samsung ni wale wale, Apple ni wale wale. Walipoamriwa, walitii.

MAMA: Na simu ile ile ikiuzwa hapa Durban?

MWANAFUNZI: Hapa kuna Sheria ya Kuwalinda Wateja ya 2008, ambayo inakupa miezi sita ya kurudisha kitu kibovu.

MAMA: Miezi sita, na mwenzangu wa Ulaya miaka saba. Spea hizo si zimekwisha kuundwa? Mtu anayeziweka ghalani kwa ajili ya Brussels atapata taabu gani kuzipakia melini kuja Durban au Mombasa?

MZEE: Taabu hakuna. Mimi nimepakia shehena maisha yangu yote. Bandari hii hupokea mali kila siku. Aprili 2025 wameondoa ule ushuru wa anasa wa asilimia 9 kwa simu za chini ya randi 2500, nami nilidhani ni jambo jema, lakini sasa naona wamezirahisisha kununuliwa bila kuuliza zitaishi muda gani. Tumwandikie nani barua juu ya haya, mwanangu? Tume ya Wateja iko Pretoria?

MWANAFUNZI: Iko Pretoria. Na barua kama hiyo yafaa ifike Nairobi na Dodoma pia, maana soko la nchi moja ni dogo kwa makampuni haya, lakini hakuna atakayeyaacha masoko ya kusini na mashariki yakisema neno moja.

Wakaanza kuibuni barua pale pale, Mwanafunzi akiandika katika simu yake na Mama akimsomea hoja za bei. Walikubaliana upesi kwamba betri iweze kutolewa na fundi wa kawaida kwa vyombo vya kawaida, na kwamba kiungo halisi kisikataliwe na simu kwa sababu ya namba. Walipofika kwenye miaka ndipo walipogawanyika tena. Mama alitaka miaka mitano, akihofia kwamba zaidi ya hapo makampuni yatapandisha bei na yeye ndiye atakayeilipa. Mwanafunzi alishika saba, ile ile ya Ulaya, ili pasiwe na kisingizio. Mzee alisema kumi. Fundi akairudisha betri mpya mahali pake, akabana kioo kwa vibanio, akasema kwamba Ulaya simu hutumiwa na mtu mmoja kisha ikawekwa kabatini, ilhali zinazoletwa kwake zimekwisha kupita kwa baba, kwa mwana na kwa ndugu wa nyumbani, na mara nyingi hufika Afrika zikiwa zimetumika huko huko Ulaya kabla ya kuuzwa huku. Basi Mwanafunzi aandike kumi, na sababu hiyo iandikwe mbele ya nambari.